Bangili Haijui Kapu

Asubuhi ile mbuzi wa Mzee Mrutu alistahili pawa tatu za makande, na Mama Togolai alistahili moja na nusu.

Nakiete aliitwa jikoni kabla hajanywa hata uji. Alipofika alikuta foleni imesimama, watu wamekunja mikono, na Mzee Mrutu yuko mbele ya dirisha la kupakulia ameshika kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na mbuzi mweupe mwenye pembe moja, na shingoni mwa mbuzi ilifungwa bangili ya Kanda, mamlaka iliyotoa chakula, ile ile ambayo kila mtu mzima wa Mabwe alitakiwa kuivaa mkononi usiku na mchana.

Nangasu, mpishi, alikuwa ameegemea upawa wake kama mtu aliyechoka kabla siku haijaanza.

"Fundi," alisema, "niambie nimpakulie nani. Maana mashine imeshatoa hesabu, na mimi sina kipengele cha mbuzi."

Mzee Mrutu alieleza kwa utulivu kabisa kwamba hakukusudia kuiba. Alikuwa akisikia watu wakibishana juu ya hizi bangili tangu mvua zilipokatika, akaona ubishi wa mdomo hauishi. Basi jana alimvalisha mbuzi, akamwacha zizini acheue kutwa. Alitaka kujua tu. Akainua shingo ya mnyama hadi kwenye kioo cha dirisha, na mashine ikarudia kwa ile sauti yake ya mtu aliyekula akashiba:

"Hongera. Umefanya kazi ya kilokalori elfu tatu na mia mbili. Pokea pawa tatu."

Foleni ilicheka. Nakiete hakucheka. Alimvua mbuzi bangili, akaigeuza, akaangalia taa ya kijani upande wa ndani, akaona inawaka vizuri. Hiyo ndiyo iliyomchosha. Kama ingekuwa mbovu, angeitupa kapuni na kutoa nyingine. Lakini haikuwa mbovu. Katika miezi minne ya ufundi wake Mabwe alikuwa amefungua bangili mia na themanini, na mbovu kweli zilikuwa saba.

Mzee Mrutu alipewa pawa zake mbili za kawaida, akaondoka na mbuzi wake akiwa ameridhika kuliko mtu yeyote pale.

Aliyefuata kwenye foleni ni Mama Togolai. Alikuwa mwanamke mrefu, mbeba mawe, dada wa marehemu baba yake Nakiete. Mwaka jana kanga ilimkaa kwa mzunguko mmoja na nusu kiunoni. Sasa ilizunguka mara mbili na ncha ikabaki. Alisogeza mkono wa kushoto kwenye kioo.

"Umefanya kazi ya kilokalori elfu moja na mia tano. Ongeza bidii. Pokea pawa moja na nusu."

"Shikamoo, shangazi," Nakiete alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mama Togolai alipokea sahani yake, akaitazama. "Jana nilipanda na kushuka mara kumi na nane. Niongeze bidii ipi tena? Nipande nikiwa nimembeba na huyo mbuzi?"

Hakungoja jibu. Alikwenda kukaa kivulini, akala taratibu kama mtu anayehesabu punje, na Nakiete akabaki dirishani ameshika bangili ya mbuzi. Ile ya shangazi yake alikwisha kuibadilisha mara nne. Kila mpya ilisema vilevile.

*

Mabwe ilikuwa juu ya mgongo wa milima ya Upare, mahali watu walipokimbilia wakati joto la tambarare lilipofika kiwango cha kuua ng'ombe wakiwa wamesimama. Watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa wakifufua ndiva ya zamani, bwawa ambalo mababu walilijenga kwa mawe na udongo ili kukusanya maji ya chemchemi na kuyafungulia mashamba kwa zamu. Kazi yenyewe ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja, kama ilivyokuwa tangu enzi. Kilichokuwa kipya ni chakula. Mahindi na maharage yalitoka ghala la Kanda, yakiwa yamepimwa kwa mwezi mzima, wala hayakuongezeka hata kwa kupiga magoti. Ndani ya kipimo hicho kila mtu alipewa kadiri alivyochoma nguvu, na bangili ndiyo iliyosema amechoma kiasi gani.

Nakiete hakusomea popote. Alijifunza kwa kufungua redio kwenye kibanda cha baba yake, kisha kwa kitabu cha mafundi alichokikuta bohari hakina jalada. Alikuwa na tabia moja ambayo watu waliiona ni uzito wa kichwa: hakukubali jambo mpaka alipime mara tatu, na hakumlaumu mtu mpaka alipime mara ya nne.

Kwa hiyo alitengeneza mfuko.

Ulikuwa mfuko wa turubai mkubwa kama godoro, umezibwa kwa gundi kwenye mishono yote, wenye bomba la mpira linalofika mdomoni na kizibo kinachoruhusu hewa kuvutwa kutoka nje na kutolewa ndani ya mfuko. Mtu alibana pua, akapumua ndani ya mfuko kwa dakika tatu huku akifanya kazi yake. Kisha Nakiete alipima hewa iliyobaki humo kwa kipimo cha oksijeni alichokitoa kwenye mashine iliyokufa ya zahanati. Hewa ya wazi ina oksijeni karibu sehemu ishirini na moja katika mia. Kilichopungua mfukoni ndicho mwili ulichokitumia, na mwili hutumia oksijeni kama jiko: kila lita moja inayokwenda, karibu kilokalori tano za chakula zimeungua. Hapo hakuna kukisia sana. Moto hauwezi kuwaka bila hewa, na hewa unaweza kuipima.

Bangili haikupima moto. Ilipima vitu viwili: mtikisiko wa mkono, na mapigo ya moyo kwa kumulika ngozi na kusoma damu inavyopita. Mapigo iliyasoma vizuri, mkono ukiwa umetulia kifuani au mezani. Kutoka hapo kwenda kwenye chakula ilikisia, kwa kanuni iliyotungwa na watu waliokuwa wakikimbia juu ya mashine katika chumba chenye kiyoyozi.

Mama Togolai alikuwa wa kwanza kukubali mfuko, na wabeba mawe wenzake walimwita tembo juma zima kwa sababu ya lile bomba. Alipanda kutoka bondeni na kapu la kilo ishirini na sita kichwani, naye Nakiete akimfuata nyuma amebeba godoro lake la turubai, akihema kuliko mbebaji mwenyewe. Mfuko ulisema kilokalori saba kwa dakika. Bangili ilisema mbili na nusu.

Nakiete alirudia siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne aliacha kutazama kipimo, akamtazama shangazi yake.

Mama Togolai alikuwa akipanda na mkono wa kushoto juu, ameshika ukingo wa kapu. Mkono wa kulia ulining'inia huru. Njia ilikuwa nyembamba, na kila baada ya hatua chache alikutana na mtu anayeshuka, na kila mtu alipewa mkono, kwa maana huko milimani hupishani na mtu kama unapishana na kisiki. Mkono wa kushoto haukushuka kuanzia bondeni mpaka ndiva. Nakiete aliugusa. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Damu ilikuwa imeukimbia, taa ya kijani inamulika ngozi isiyo na habari, na kwa kuwa mkono wenyewe umetulia kimya juu ya kapu, bangili iliamini mwenye nao amelala.

"Shangazi, kwa nini hamvai mkono wa kulia?"

Mama Togolai alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hali kwa mguu. "Mkono wa kulia ni wa kusalimia. Nimpe mzee mkono wenye kitu cha kuombea chakula? Ataona namwonyesha njaa."

Na hivyo ndivyo wabeba mawe wote arobaini na mmoja walivyofanya, bila kuambizana, tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyewaambia wa Kanda, kwa sababu hakuna aliyefikiri ni jambo la kuambiwa mtu.

Ilimchukua Nakiete siku sita za kubembeleza kumfanya shangazi yake ajaribu mkono wa kulia, akiuficha chini ya kanga anapopita mzee. Bangili ilipanda, ikasema nne. Ilikuwa afadhali, lakini si saba. Ilijua sasa kwamba mtu anatembea na moyo unakwenda mbio. Haikujua kwamba kichwani ana kapu. Wala hakukuwa na mahali popote pa kuiambia. Baada ya jaribio hilo Mama Togolai aliirudisha kushoto.

Alipowapima washindilia udongo, wale waliojenga ukuta wa ndiva kwa kupigapiga michi mipana kwa wimbo, alipata kinyume. Mchi ulikuwa mwepesi, na uzito wake ndio uliofanya kazi ukishuka. Lakini kila ulipogonga, mkono ulitetemeka hadi kiwikoni, na bangili ikaona vita. Mfuko ulisema tano kwa dakika. Bangili ilisema kumi na moja.

Aliandika yote kwenye karatasi, akaituma Kanda. Wakamjibu: Tunashukuru kwa maoni yako. Alituma tena. Alituma mara sita, na mara zote sita walishukuru.

*

Kajiru, msimamizi wa Kanda pale Mabwe, alikuwa na ofisi katika kontena lililopakwa rangi nyeupe kupunguza joto. Hakuwa mtu mbaya. Nakiete alitamani mara nyingine angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi.

Kajiru alimsukumia kishikwambi juu ya meza. Ilikuwa siku ya cheti cha usahihi. Kila miezi sita fundi alithibitisha kwamba bangili zinapima sawasawa, na bila cheti jiko halikuruhusiwa kuzitumia.

Kwenye nafasi ya asilimia ya usahihi Nakiete aliandika 54. Kishikwambi kikatoa mlio: *Tafadhali andika namba sahihi.*

"Hiyo ndiyo sahihi," alikiambia.

"Inapokea kuanzia tisini," Kajiru alisema.

"Basi kwa nini wananiuliza?"

Kajiru alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Alisema mapigo ya moyo bangili inayasoma vizuri, si ndivyo? Kwa asilimia tisini na sita, Nakiete mwenyewe aliandika. Basi aandike tisini na sita. Nakiete alisema fomu haiulizi mapigo, inauliza chakula. Kajiru alisema fomu haijafafanua. Wakazunguka hapo kwa muda mrefu kama watu wanaotafuta mlango wa nyumba ya duara, hadi Nakiete akahisi kichwa kinamuuma nyuma ya macho.

"Sikiliza, dada," Kajiru alisema hatimaye, na sauti yake ilibadilika. "Unakumbuka kabla ya bangili chakula kiligawiwaje? Mimi nakumbuka. Waligawa wazee watano, na kila mmoja alikuwa na ukoo wake. Mama yangu alikuwa mjane wa kuja, hana ndugu hata mmoja mlimani. Alifanya kazi kuliko mwanamume, na alipofika kwenye chungu aliambiwa kimekwisha. Tulimzika akiwa na miaka thelathini na mmoja. Bangili inakosea, sikatai. Lakini bangili haina binamu."

Hilo Nakiete hakuwa na mfuko wa kulipimia.

"Unaweza kuweka marekebisho yako," Kajiru aliendelea. "Namba za mfuko wako badala ya za kwao, nitakuruhusu. Lakini ghala halikui. Ukiwapandishia wabebaji, unawakata washindilia. Mdogo wako Mbonea atashuka kutoka pawa tatu na nusu hadi pawa mbili. Na wewe umepima watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja kati ya mia mbili na kumi na wawili. Kwa turubai." Hakusema kwa dharau. "Una hakika?"

Nakiete alikuwa hajui kudanganya jambo la namna hiyo. "Sina hakika na saba. Huenda ni sita, huenda ni nane. Nina hakika si mbili na nusu."

Kajiru alirudisha kishikwambi mbele yake. "Kesho mchana," alisema. "Baada ya hapo sina la kukusaidia."

*

Mbonea alikuwa mdogo wake Nakiete na ndiye aliyekuwa akiongoza wimbo wa washindilia. Mwaka jana kifua kilimlaza miezi mitatu, akashuka hadi kilo arobaini na nane, na waliomtembelea walikuwa wakitoka nje kabla ya kulia. Sasa alikuwa na mabega. Nakiete alimkuta wakati wa mapumziko, ameketi juu ya ukuta mbichi wa ndiva, sahani imejaa mapajani.

Alimweleza bila kuzungusha: tano, kumi na moja, saba, mbili na nusu.

"Kwa hiyo mimi ni mvivu anayepiga kelele," Mbonea alisema huku akitafuna. "Hilo ulilijua tangu utotoni, hukuhitaji turubai."

"Mbonea."

"Nimesikia." Alikoroga makande kwa kijiko. "Unataka kuniambia nimekuwa nikila chakula cha shangazi."

Chini yao, wabeba mawe walikuwa wakipanda kwa mstari mmoja, mikono ya kushoto juu.

"Unajua jinsi ilivyo," Mbonea alisema, sasa hamtanii tena, "kulala na kuhisi mifupa ya nyonga inachoma godoro? Nilikuwa naota ugali. Siyo nyama, ugali. Mwili huu umerudi kwa pawa tatu na nusu, na wewe unakuja na namba kwenye karatasi uniulize nini? Niseme nirudishe?"

"Sijakuuliza kitu."

"Ndiyo, hujaniuliza. Umeniambia tu, nibaki nayo." Aliinamisha kichwa juu ya sahani. "Usiniambie tena."

Akala mpaka akamaliza. Nakiete alimtazama akikwangua ukingo wa sahani kwa kidole, wala hakumwona mbaya. Alijiona tu amechoka, amechoka na namba na watu na kila kitu kinachokwenda kwa nusu. Kesho mchana angepaswa kuchagua nani apungukiwe, shangazi au mdogo wake, na vyovyote atakavyochagua mashine itampongeza.

*

Mama Togolai alianguka asubuhi iliyofuata, kona ya tatu.

Nakiete alikuwa karibu, amekuja na mfuko wake kuongeza mtu wa kumi na mbili. Hakukuwa na kelele. Magoti yalikunjika, kapu likatangulia, mawe yakabingirika korongoni, na mwanamke mrefu akayafuata hatua tano au sita mpaka mzizi ulipomshika. Walipomfikia alikuwa amefumbua macho, paji limechanika, mdomo mkavu. Alisema hakujikwaa. Alisema aliona giza tu, kama mtu amezima taa.

Walimlaza, mkono wa kushoto ukaanguka pembeni, chini, kwa mara ya kwanza tangu bondeni. Damu ikarudi mkononi. Taa ya kijani ikaona moyo unaopiga mia na arobaini, na mtikisiko wa mtu aliyetoka kubingirika juu ya mawe. Bangili ikalia kengele ndogo ya furaha.

"Hongera. Umeongeza kilokalori mia moja na themanini. Endelea hivyo."

Wabebaji waliosimama pale walitazamana. Mmoja alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine.

Nakiete aliivua ile bangili, akaitia mfukoni. Alisaidia kumfikisha shangazi yake kivulini, akampa maji yenye sukari kidogo kidogo, akangoja mpaka rangi ikarudi midomoni. Aliuliza kama anamwona vizuri. Mama Togolai alisema anamwona, na kwamba nywele zake zinahitaji kusukwa. Ndipo Nakiete akasimama, akaenda jikoni, akitembea polepole kama kawaida yake.

Ndani ya chumba cha jiko, nyuma ya sufuria kubwa, kulikuwa na kioo kidogo cha mipangilio ambacho fundi peke yake alikuwa na ufunguo wake. Alikwisha kukisafisha mara nyingi na alijua kila kilichomo. Kulikuwa na mpangilio mmoja uliotumika mara mbili tu tangu Mabwe ianze. Wa Kanda waliuweka kwa sababu watu waligoma kabisa kuvaa bangili msibani: hakuna anayejipamba wala kujipima wakati maiti hajazikwa. Kwa hiyo msiba ukitangazwa, bangili zilivuliwa, na jiko liligawa sawa kwa sawa kwa kila kichwa, siku tatu. Siku ya tatu Kanda ilikuwa lazima itume mtu kuthibitisha kifo. Barua sita hazikumleta mtu. Kifo kimoja kilimleta, kila mara.

Aligusa *Msiba*. Kioo kikauliza: *Jina la marehemu?*

Hilo alikuwa amelisahau. Alisimama pale kidole kikielea. Aliyeandikwa hapo alifungiwa chakula papo hapo. Hapakuwa na jina la kuazima. Alifikiria pia kwamba huu ni uongo, na kwamba jana alikataa kuandika tisini na sita kwa sababu ni uongo. Akajaribu kuona tofauti, akaiona ndogo. Tisini na sita ingelipiwa na mtu mwingine.

Akaandika jina lake, herufi moja moja.

Mashine ilizima taa ya dirisha, ikawasha nyingine, ya rangi ya maziwa. Nangasu aliingia akifuta mikono. Alijua maana ya taa ile. Upawa ulikuwa umeshuka ubavuni.

"Nani amefariki?" aliuliza, na tayari sauti yake ilikuwa imelainika. "Ni Mama Togolai?"

"Shangazi yuko hai."

Nangasu alisoma kioo. Alisoma tena. "Wewe," alisema. "Wewe una wazimu. Unajiita kifo kwa mdomo wako mwenyewe."

"Kwa kidole," Nakiete alisema.

*

Mchana foleni ilikuja kimya. Kila mtu alivua bangili na kuitia kwenye ungo mlangoni, kama inavyotakiwa, na walipoambiwa marehemu ni nani walimtazama aliyesimama palepale karibu na ungo, wakaguna. Bibi mmoja alitema mate pembeni kukinga balaa. Mzee Mrutu alimpa mkono, akamwambia pole kwa msiba, akauliza kama mbuzi naye anahesabiwa kichwa.

Kajiru alikuja mwisho, kishikwambi kwapani. Alikuwa amekwisha kupata taarifa.

"Umenifanya niandike Kanda kwamba fundi wangu amekufa," alisema.

"Umeandika?"

"Mashine iliandika yenyewe. Mimi ningekuuliza kwanza." Alipangusa jasho. Alikuwa na hasira, lakini macho yake yalikuwa yakienda kwenye dirisha, ambako pawa mbili zilikuwa zikimwagwa, na mbili, na mbili, bila sauti yoyote ya kumpongeza mtu. "Pawa mbili hazimtoshi mbeba mawe. Unajua hilo."

"Najua. Zinazidi moja na nusu."

"Na siku tatu zikiisha watakuja kutazama maiti. Utawaonyesha nini?"

"Njia ya ndiva," Nakiete alisema. "Nitawapa kapu wabebe, mkono wa kushoto juu. Kisha wapumue kwenye turubai langu. Wakishuka wakiwa na namba nyingine, nitaandika hiyo."

Kajiru alitazama ungo uliojaa bangili, zote zikimulika kijani hewani, zikitafuta ngozi. Kisha alifungua ya kwake, akaishika kidogo kana kwamba anaipima uzito, akaiweka juu ya nyingine bila kusema kama amekubali au amechoka kubishana.

Dirisha halikuwa na kitu cha Nakiete. Alikwenda kukaa kivulini na shangazi yake, ambaye alikuwa amefungwa kitambaa kichwani na sahani mapajani. Mama Togolai alimtolea maneno makali kuhusu watu wanaocheza na jina la kifo, akayatoa yote mpaka mwisho, bila kuacha kula. Mbonea alifika na sahani yake ya pawa mbili. Hakumtazama dada yake. Aliketi, akaiweka sahani chini katikati yake na Nakiete, akachomoa kijiko cha pili kutoka mfuko wa shati, akakichomeka kwenye makande kikasimama.

Nakiete alikichukua, wakala.

"Haya yamekosa chumvi," alisema Mama Togolai baada ya pawa ya kwanza. "Watu wamekufa, wamefufuka, na chumvi bado hakuna."

Nakiete alionja. Alionja tena, kuhakikisha. Ilikuwa kweli.